Mikono Miwili ya Kushoto

Mwaka ule nilikuwa na wanawake wawili wasiolala. Wa kwanza ni mama yangu mzazi, aliyeacha kulala tangu tulipomzika baba. Wa pili ni wifi yangu, mke wa kaka, ambaye hakufiwa wala kuumwa. Yeye alikuwa halali kwa ubishi tu. Ukimwambia akalale, anakwambia usingizi ni wa watu wasio na kazi. Nikampachika jina la Popo, wateja wakalidaka, na wengine mpaka leo wanadhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Tulikuwa tunafanya kazi pamoja, chumba cha mbele cha nyumba yao. Popo anakata na kushona. Mimi nafumua, napiga pasi, natia vifungo, na nawajibu wateja wanaokuja na maneno mengi, maana mdomo wangu nao hauna breki. Kaka alikuwa dereva wa lori, nyumbani kwake anapita kama mgeni, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumwambia mkewe azime taa. Mimi nilimwambia mpaka nikachoka.

Mama nilikuwa naishi naye. Chumba chake na changu vimetenganishwa na ukuta mwembamba. Usiku alikuwa anakaa kwenye kiti cha mbao, ameuelekea mlango, ambako koti la baba lilikuwa limening'inia kwenye msumari. Koti refu la sufu, la bluu, ila jua na mvua vilikuwa vimelipausha mpaka likawa rangi ya majivu. Kiti chenyewe kina mguu mmoja mfupi. Mama akijisogeza, kinalia, na mimi upande wa pili wa ukuta nasikia, najua bado yuko macho. Asubuhi nikimuuliza, ananijibu, "Nilipumzika, mwanangu." Namwangalia macho yalivyoingia ndani, naenda kumchemshia chai.

Mwili ukinyimwa usingizi haunyamazi. Mama alianza kuita watu majina yasiyo yao. Asubuhi mimi ni shangazi, mchana mimi ni jirani. Anazunguka nyumba nzima akitafuta ufunguo, na ufunguo ameushika. Analia kwa sababu mkate umekatwa vibaya. Miguu ikamvimba kwa kukaa, presha ikapanda, na siku moja akasinzia huku anashuka ngazi. Alianguka, tukashukuru Mungu kwamba hakuvunjika. Nesi aliyemfunga bandeji alimwambia, "Mama, usingizi usipoupa nafasi kitandani, utajichukulia wenyewe popote utakapokukuta." Mama akaitikia vizuri sana, akarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti chake.

Nilikuwa naogopa. Nasema wazi kabisa, nilikuwa naogopa kumzika na yeye.

Dawa ilitoka kwa mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, anayekaa huko milimani kwenye baridi. Alipiga simu akasema, "Mleteni dada aje akae na mimi, aachane na hicho chumba." Mama akakataa. Tukambembeleza, akakataa tena. Halafu siku moja, bila kuulizwa na mtu, akalitoa koti kwenye msumari, akaenda nalo mwenyewe hadi kwa Popo, akaliweka juu ya meza ya kukatia.

"Mkwe wangu, nipunguzie hili linitoshe," alisema. "Nikienda, nakwenda nalo. Bila hili sitoki nyumbani."

Mama yangu akisema jambo kwa sauti ile, mjadala umefungwa. Tiketi ya basi ikakatwa ya Jumapili asubuhi. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia Popo, na sisi si watu wa kukumbatiana.

Kazi haikuwa ya kitoto. Baba alikuwa na mwili, mama amekonda amebaki mifupa na ukali. Nililifumua koti lote, uzi kwa uzi, nikatoa bitana, kile kitambaa cha ndani, nikapiga pasi vipande. Popo akakata mgongo na mbele, akavishikiza kwa mishono mirefu, vikakaa vizuri. Tatizo likawa mikono. Ile ya zamani ilikuwa imelika viwikoni, huwezi kuirudia. Ikabidi mikono mipya itoke kwenye sehemu ya chini ya koti, ile ndefu inayoshuka magotini, na hapo nako nondo walikuwa wameshapita. Ukikwepa matundu, kitambaa kilitosha mikono miwili tu. Kilichobaki ni vipande vya kutengenezea kola na vifuniko vya mifuko. Sufu ya namna ile haiuzwi tena popote tulipouliza.

Alhamisi nilimwacha Popo jioni na lundo la makoti meupe ya hospitali ambayo yalitakiwa kesho yake. Nilimsihi amalize anachoweza na akalale. Akaniambia, "Sawa." Nilipaswa kujua, maana Popo hasemi sawa kirahisi hivyo.

Ijumaa asubuhi nilimkuta mbele ya cherehani, mguu unakanyaga pedali, gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka, na chini ya sindano hakuna nguo.

Makoti ya hospitali yalikuwa yamekwisha yote na yamekunjwa, hilo simnyimi. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwisha pia. Macho mekundu, midomo imekauka, amevaa sweta na jua limeshaanza kuunguza bati.

"Umelala?" nikamuuliza.

"Nimelala."

"Wapi?"

Akafikiri. Akafikiri kweli, akiangalia huku na huku kana kwamba kitanda kitajitokeza. Halafu akaangua kicheko, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi sikuona cha kuchekesha. Dereva wa hospitali akaja, akachukua mzigo, akaondoka. Popo akaniuliza kama dereva amekuja. Nikamwambia ndiyo, ametoka sasa hivi, umempa mwenyewe. Akatikisa kichwa. Nilipomaliza kufagia akaniuliza tena.

"Nipe ile," akasema, amenyoosha mkono. "Ile... ya kukatia."

Neno mkasi halikumjia. Mtu ambaye miaka yote mkasi ameushika zaidi ya kijiko. Hapo ndipo niliposhtuka, maana nilikuwa nimeshaona hayo kwa mama.

"Unataka kukata nini?"

"Mikono ya koti la mama. Nimalize nikiwa bado nina moto."

"Moto gani? Vidole vyako vya baridi hivyo. Kalale kwanza, Popo. Koti la baba halikatwi na mtu anayecheka na ukuta."

Uso wake ukabadilika. Mtu mwenye usingizi hasira yake iko karibu sana. Huigusi, inaruka yenyewe. "Wewe ni fundi wa vifungo," akaniambia. "Basi nenda kanunue vifungo."

Iliniuma. Ningeweza kumpa vidonge vyake pale pale, na ninavyo vingi, lakini nilichukua mkoba wangu nikatoka, mlango nikaubamiza mpaka kioo kikatetemeka. Njia nzima nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia nikirudi. Nilichagua vifungo vizuri vya pembe, vikubwa, vya rangi nyeusi, na hata muuzaji alijua leo simo kwenye hali ya kutaniwa.

Niliporudi, yale maneno yote yaliishia mlangoni. Popo alikuwa amesimama mezani, mikono miwili ya koti ameilaza mbele yake, mmoja kando ya mwingine. Hageuki.

"Wifi," akasema taratibu. "Hebu njoo uangalie. Ni mimi naona vibaya?"

Haoni vibaya. Yote miwili ilikuwa ya kushoto.

Asiyeshona atauliza kuna tofauti gani. Mkono wa koti una mbele yake na nyuma yake. Ukiupachika upande usio wake, unajipinda, na aliyevaa anaonekana kama anaficha kitu mgongoni. Kwa kawaida kitambaa kinakunjwa mara mbili, unakata mara moja, unapata wa kulia na wa kushoto. Lakini kwa sababu ya yale matundu ya nondo ilibidi kukata mmoja mmoja, na ukikata mmoja mmoja, baada ya mkono wa kwanza karatasi ya kipimo unaigeuza. Kila fundi anajua. Popo ndiye anayewafundisha wanaokuja kujifunza kwake, na ukisahau anakugonga vidole kwa rula.

"Nilikuwa naona mkasi unakwenda," akasema, "na mimi niko pembeni naangalia. Nilijua kuna kitu natakiwa kufanya na ile karatasi. Nikawa nakitafuta kichwani, huku mkasi unakwenda."

Kisha akalia. Sikuwahi kumwona Popo akilia, hata msibani alikuwa ndiye anayegawa chai. Alilia kwa sauti, akaipindua mikono ile, akaiweka juu chini, akaivuta, akaanza kusema atakata hapa, ataunga pale, ataongeza kipande huku, na mkono wake ukawa unautafuta mkasi.

Niliuwahi. Nikauweka kwenye kiti changu na kuukalia.

"Nipe."

"Sikupi. Saa hizi utakata kidole chako na utakishonea kwenye pindo."

"Jumapili ni keshokutwa. Mama hatakwenda, na kosa ni langu. Nipe mkasi."

"Ukitaka mkasi, uninyanyue."

Alinisogelea kweli, na kwa siku nyingine angeninyanyua, ana nguvu. Lakini alipofika katikati ya chumba akapepesuka. Nilimkokota hadi nyuma ya meza, kwenye marobota ya vitambaa, nikamvua viatu. Alikuwa bado anabishana na mimi. Katikati ya neno akalala, mdomo wazi.

Nikabaki na ile mikono. Hasira ilikuwa imeshanitoka, sasa ilikuwa hofu tupu. Niliipindua na mimi kama alivyoipindua yeye, na mimi sikuona kitu, kwa sababu ni kweli, mimi ni fundi wa vifungo. Nilichokuwa naona ni mama kwenye kile kiti, mwezi baada ya mwezi, msumari mtupu mlangoni na koti lenyewe ndiyo hivyo tena.

Na kama vile sikuwa na mambo ya kutosha, mama akaingia. Nilikuwa nimesahau kwamba siku ile anakuja kupimiwa. Nilivuta kipande cha kitambaa cheupe nikafunika meza.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. "Amelala, mama. Amekesha."

Mama akazunguka meza akiishika kwa mkono, akasimama juu ya Popo akimwangalia kwa muda mrefu. Popo alikuwa anapumua kwa nguvu, mate yanamtoka, pini imechomekwa kwenye kola ya sweta. Mama akainama, akaichomoa pini ili isimchome, akaketi pale pale kwenye marobota, karibu na kichwa chake.

"Baba yako alikuwa analala hivi hivi," akasema. "Mdomo wazi, na ukimwambia anabisha."

Nilikuwa nimeelemea meza kwa viwiko vyote viwili.

"Unaniuliza kila siku kwa nini silali," mama akaendelea, hata bila kuniangalia. "Usiku nasikiliza pumzi yake. Nimeisikiliza tangu nikiwa msichana. Nikikumbuka kwamba haipo, nastuka. Nikisahau, naanza kuisikiliza tena."

Ndivyo alivyoniambia, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya sukari. Nilitaka kumwendea nikashindwa kutoka pale mezani. Nikashika pasi, nikaanza kunyoosha bitana ambayo ilikuwa imeshanyooka. Chumba kilikuwa kimya, kasoro pasi yangu na Popo akivuta na kutoa pumzi. Nilipoinua macho tena, mama alikuwa ameegemea robota, kidevu kifuani. Nikafikiri amezimia. Nikamkaribia kwa kunyata. Alikuwa amelala usingizi wenyewe, ule wa mtu kulegea hadi vidole.

Nilizima pasi. Mteja alikuja, nikamfukuza kwa ishara za mikono. Wa pili alitaka kubishana, nikamtolea macho mpaka akaondoka kinyumenyume.

Jua lilikuwa limehamia dirisha la pili Popo alipofumbua macho. Alimwona mama pembeni yake, akaniangalia, nikaweka kidole mdomoni. Akanyanyuka polepole, akanywa maji kikombe kizima, akaja mezani, akaondoa kitambaa cheupe. Akasimama tu. Sikumwona akifikiri, alikuwa anaangalia kama mtu anayeangalia mvua.

Halafu akauchukua mkono mmoja, akaupindua nje ndani, akaulaza tena mezani.

Ulikuwa wa kulia.

"Njoo," akaninong'oneza.

Upande wa ndani wa sufu ile, uliokuwa umefichwa na bitana miaka yote, jua halikuwahi kuufikia. Ulikuwa bluu iliyokoza, bluu ya wino, mpya kama jana. Kitambaa kilikuwa kimefumwa sawa pande zote mbili. Asubuhi nzima tulikuwa tumeushika mkono ule ule, yeye na mimi, tunaupindua, tunaulaza, tunaulilia, na jibu liko mikononi. Yeye asubuhi hakuwa na macho ya kuliona. Mimi sikuwa na ufundi wa kuliona.

"Lakini huu wa bluu na huu wa majivu," nikanong'ona. "Atavaaje mikono ya rangi mbili?"

"Kola nitaigeuza na yenyewe. Na vifuniko vya mifuko. Vipande vinatosha. Ule wa kushoto nitautia ukanda wa bluu chini, ilingane."

"Mnanong'ona nini?" mama akauliza kutoka chini.

Tuligeuka wote wawili. Nilifungua mdomo, uongo ulikuwa umeshajipanga kwenye ulimi, mzuri tu, kwamba ndiyo fasheni ya siku hizi. Popo akanitangulia. Akaenda akapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, nimekosea. Nilikesha, nikakata koti bila kulala. Mikono yote ilitoka ya kushoto. Mmoja nimeugeuza ndani nje, ndio utakuwa wa kulia, ila rangi yake haifanani na mwenzake. Kitambaa kingine hakuna. Nisamehe."

Mama alinyoosha mkono. Popo akampa kile kipande cha mkono uliogeuzwa. Mama akakigeuza kwenye mwanga, akakipitisha shavuni, na mimi nilijua kila kitu kinasubiri hapo, basi, milima, mama mdogo, yote.

"Rangi hii mmeitoa wapi?"

"Ni ya koti lenyewe," nikasema. "Upande wa ndani."

"Ndivyo lilivyokuwa," mama akasema. "Siku aliyokuja nyumbani kwetu mara ya kwanza alivaa hili, na lilikuwa hivi. Siku yenyewe joto la kufa mtu. Anatoka jasho, baba yangu anamwambia vua koti kijana, hataki. Mimi na mdogo wangu tulimcheka jikoni mpaka tukafukuzwa." Akaendelea kukipapasa. "Nilikuwa nimesahau. Nimeliangalia kila usiku, na nilikuwa nimesahau kwamba lilikuwa hivi."

Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anacheka. Popo akajifuta uso kwa mkono wa sweta, akasema haraka haraka, "Nitautia ule wa kushoto ukanda wa bluu, mama, usionekane umepauka sana."

"Usiutie kitu," mama akasema. "Uache kama ulivyo. Huyo mzee naye alikuwa wangu."

Popo alilala usiku ule; nilikwenda kuhakikisha taa imezimwa, na ilikuwa imezimwa. Jumamosi mchana alishona bila haraka, kola ya bluu iliyokoza, mkono mmoja wa bluu, mmoja wa majivu, na mimi nikatia vifungo vyangu vya pembe. Jumapili kituoni mama alisimama nalo amelifunga hadi shingoni, na abiria wengine wakawa wanaliangalia. Nilimuuliza kama ana wasiwasi.

"Wasiwasi wa nini?" akasema. "Nina kijana kulia na mzee kushoto."

Akapanda basi bila kushikwa mkono.

Jumatatu jioni mama mdogo akapiga simu. Hakusalimia. "Mama yako anakoroma," akasema. "Nimemlaza chumba kimoja na mimi, na tangu jana sijafumba jicho. Anakoroma kama mashine ya kusaga. Mlijua, na hamkuniambia."

"Mvumilie, mama mdogo," nikasema.

Nilijilaza kitandani na simu bado mkononi. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya. Nilisubiri kiti kilie. Hakikulia, na nikakumbuka kwamba hakitalia, na nikajikuta bado nasubiri.

Kilichoniamsha ni Popo akigonga dirisha kwa ufunguo. Jua lilikuwa limeshapanda hadi juu ya ukuta, na nilikuwa nimevaa nguo zile zile za jana, simu chini ya shavu. Nikafungua mlango natafuta kiatu kimoja, naomba radhi, nauliza kama wateja wamejaa, na nikamuuliza tena kabla hajajibu.

Popo alinitazama usoni. Macho yake yalikuwa meupe safi, sikuwahi kuyaona hivyo.

"Umeanza lini kutolala?" akaniuliza.

Nilitaka kumwambia mimi nalala vizuri, asiyelala alikuwa mama. Kisha nikakifikiria kile kiti, na kila mara kilipolia, na nani aliyekuwa anakisikia. Nilisema mwaka ule nilikuwa na wanawake wawili wasiolala. Nilihesabu vibaya.

Popo akanishika mabega, akanigeuza nilikotoka.

"Rudi ukalale," akasema. "Leo mkasi naukalia mimi."